Safu ya Nyumba

Siku walipokuja kuchukua damu ya Minza nilifunga bucha saa tatu asubuhi, paja zima la ng'ombe likiwa bado linaning'inia. Hata siku tuliyomzika mama nilifunga saa sita.

Walikuja wawili. Mmoja alikuwa Bi. Atuganile wa Ofisi ya Malezi, mwanamke mrefu, mtu wa Tukuyu, mwenye sauti ya chini. Mwingine alikuwa dereva, akabaki garini akila karanga. Bi. Atuganile aliketi sebuleni, akafungua kisanduku chake, akamwambia Minza anyooshe mkono.

"Itauma?" Minza akauliza.

"Kama kuumwa na siafu mmoja."

"Siafu mmoja hajawahi kuniuma. Huwa wanakuja wengi."

Bi. Atuganile akacheka. Mke wangu Holo naye akacheka. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama damu ikipanda kwenye kichupa, nyekundu kama ya mtu yeyote, nikajiuliza Shilinde yuko wapi humo ndani.

Kila mtoto akitimiza miaka kumi na miwili anapimwa. Pale Mwamigagani tumezoea, kama tulivyozoea chanjo. Kipimo kina safu mbili. Safu ya kwanza ni Damu: mashine inasoma mtoto alirithi nini kwa wazazi wake, na inatoa namba kati ya sifuri na hamsini. Safu ya pili ni Nyumba, na yenyewe ni hivyo hivyo, sifuri mpaka hamsini. Wanajumlisha. Jumla ikifika hamsini na tano, mtoto ni nyekundu. Mtoto nyekundu, wanasema, ataua au atauawa kabla ya kufika thelathini, kwa hiyo anawekewa punje.

Nyumba inasomwa na sikio. Sikio ni kiboksi cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, wanakifunga ukutani siku mtoto anapoandikishwa. Walituapia kwamba hakiweki maneno. Kinaweka mapigo ya moyo ya kila mtu aliyemo ndani, nyayo, milango inavyofungwa, sauti inavyopanda na kushuka. Zamani watu walikitundikia kanga. Siku hizi walevi wakirudi nyumbani wanakiamkia shikamoo. Holo hukifuta vumbi kila Jumamosi, pamoja na picha yetu ya harusi.

Mimi sikio halikunisumbua. Mimi niliogopa damu.

Shilinde alikuwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Tulikata nyama kwenye gogo moja miaka kumi. Siku moja ya mnada mchuuzi wa ng'ombe alimtukana mbele za watu, na Shilinde akamchoma kisu cha kuchunia, mara moja tu, chini ya ubavu. Yule mtu alikufa kabla hatujapata gari. Shilinde naye alikufa gerezani kwa homa kabla mwaka haujaisha. Mke wake alirudi kwao na akatuachia mtoto wa miezi minane. Holo na mimi hatukuwa na mtoto. Ndiye Minza.

Nilipokwenda kumwandikisha, karani kijana, mtu wa pwani, aliniuliza bila kuinua kichwa: "Wewe ni baba yake?"

Nikasema ndiyo.

Sikusema uongo. Kwetu Usukumani mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na wewe ni baba yake. Neno ni hilo hilo moja, halina mkubwa wala mdogo. Yule karani kwa Kiswahili chao alikuwa na "baba mkubwa", angeweza kunipa. Hakunipa. Aliandika "baba", akagonga muhuri, akaita mwingine. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba nimemficha Shilinde bila kukusudia. Nikaacha hivyo hivyo.

Bucha yangu ni chumba cha mbele cha nyumba. Minza alipokuwa na miaka mitatu nilimkuta amesimama juu ya kigoda, ameshika kisu cha kuchunia, anacheka. Alikishika kama Shilinde, kidole gumba kikiwa juu ya mgongo wa kisu. Tangu siku hiyo, kila jioni saa kumi nikifunga kazi, nililaza visu vyangu saba mezani, nikavihesabu kwa sauti moja mpaka saba, nikavitia kwenye sanduku la chuma na kulifunga. Ufunguo ukakaa shingoni mwangu. Nilihesabu kwa sauti ili ajue kwamba najua.

Na mwaka jana shuleni alimng'oa mwenzake jino. Yule mtoto alimjia kwa nyuma akamshika bega, Minza akageuka na ngumi. Niliitwa na mwalimu. Njiani kurudi sikusema naye neno lolote. Nilitembea nyuma yake, hatua kumi, nikitazama mikono yake.

Bi. Atuganile alifunga kisanduku. "Majibu Ijumaa. Mje wote watatu." Alipofika mlangoni alinitazama usoni. "Mzee Maduhu, mapigo yako wewe yanasikika hata bila sikio."

*

Alhamisi nilifungua bucha mapema. Mtu wa kwanza alikuwa Kulwa, binti wa jirani.

Kulwa ana miaka kumi na minne. Zamani alikuwa moto. Aliwarushia madume ya ng'ombe mawe, alitunga nyimbo za kuwatukana watu wazima na watoto wa mtaa mzima wakaziimba. Mimi mwenyewe alinitungia moja, kuhusu tumbo langu. Alipopimwa alitoka nyekundu, wakamwekea punje. Ni kitu kidogo kama mtama, kinapandwa kisogoni chini ya ngozi. Kinasikiliza mwili, na hasira ikianza tu, kabla mwenyewe hajaijua, kinaizima.

"Shikamoo baba. Nusu ya maini," alisema.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Nilikuwa nimemgeuzia mgongo, nakata, niliposikia mbwa. Kuna mbwa mmoja mwekundu hushinda hapo nje akisubiri mifupa, na siku hiyo sijui alikuwa na nini. Nilipogeuka alikuwa amemng'ata Kulwa kwenye shavu la mguu, anavuta, kichwa kinakwenda huku na huku.

Kulwa amesimama. Anamtazama yule mbwa.

"Kulwa! Mpige! Mpige teke!"

"Ananiuma," alisema, kama mtu anayekwambia nje kuna manyunyu.

Niliruka meza nikampiga mbwa kwa noleo la visu mpaka akaachia. Damu ilikuwa inashuka ndani ya kandambili ya mtoto. Hakuinama kujitazama. Alinyoosha mkono na mfuko wake.

"Mama kasema kama kuna figo uweke moja."

Nilimfunga mguu kwa kitambaa nikamrudisha kwao mwenyewe. Mama yake hakupiga kelele. Alimkalisha, akamwosha, huku akiniambia kwamba sasa Kulwa analala vizuri, hagombani na mtu, hata darasani amepanda. Kisha akanisindikiza mpaka uani, akashusha sauti.

"Jirani. Mtoto akicheka, unajuaje kama anacheka kweli?"

Nikaaga.

Niliporudi Minza alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa bucha, ameona yote. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Baba, hata kulia hakulia."

"Ingia ndani."

"Nikitoka nyekundu nitakuwa hivyo?"

"Nimesema ingia ndani."

Jioni ile nilivihesabu visu mara mbili.

*

Ofisi ya Malezi ni jengo jipya, sakafu inateleza. Holo alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani. Mimi nililowa jasho kabla hatujaitwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo moja tu: kwamba watamkuta Shilinde.

Bi. Atuganile alitukalisha upande mmoja wa meza, Minza katikati.

"Nianze na damu," alisema. "Mzee Maduhu, damu yako tunayo kwenye kumbukumbu. Na hii ya Minza inaonyesha undugu na wewe, lakini si wa baba na mtoto."

Holo alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikaona hakuna maana ya kujificha.

"Ni wa mdogo wangu. Shilinde."

"Aliyefia gerezani."

"Huyo huyo. Aliua mtu." Nilisema mbele ya Minza, na hapo ndipo alipolisikia kwa mara ya kwanza. Hakutikisika. "Sasa mmemwona. Sema namba."

Bi. Atuganile aligeuza kioo cha kompyuta yake ili nione. "Shilinde alipimwa gerezani kabla ya kufa. Namba yake ya damu ilikuwa kumi na mbili. Kati ya hamsini. Mimi hapa nina kumi na tisa."

Sikuelewa. Nilimwomba arudie, akarudia.

"Lakini aliua."

"Aliua. Siku moja, hasira moja, kisu kikiwa mkononi. Hakuna aliyerithishwa kitu hapo, mzee. Na Minza ana kumi na moja."

Holo alipiga kigelegele kifupi, akakizima kwa kiganja. Nilimshika Minza begani. Aliruka kidogo, kama anavyoruka siku zote ukimgusa. Miaka tisa. Miaka tisa nilikuwa namtafuta mtu ambaye hakuwemo.

"Sasa nyumba," alisema Bi. Atuganile, na sauti yake ilikuwa chini zaidi. "Nyumba ni arobaini na tisa."

Mtu yeyote aliyefika darasa la nne kama mimi anajua kujumlisha. Sitini.

Holo ndiye aliyeanza. "Nyumba ipi? Yetu sisi? Huyu mwanamume hajawahi kuniinulia mkono. Pombe hanywi. Hicho kisikio chenu kimeharibika, mimi mwenyewe nakifuta vumbi kila wiki, labda kimeingia maji!"

"Hakijaharibika, mama. Tazama."

Kioo kilijaa mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja wa njano. Ilikwenda sambamba, tulivu, na halafu ikapanda juu kama ukuta. Ikashuka. Ikaenda tulivu. Ikapanda tena.

"Hizi ni siku," alisema. "Kila inapopanda ni saa kumi jioni. Kila siku, tangu mtoto akiwa na miaka mitatu. Hatujui mnafanya nini saa kumi, sikio haliweki maneno. Linasikia vyuma na kufuli."

"Mstari wa bluu ni wa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wako. Unapanda kwanza. Wa njano ni Minza. Unaufuata."

Akatueleza. Alisema mtoto anazaliwa na vitu vingi ndani ya damu ambavyo vimelala, na vingi vingelala mpaka anazeeka. Hofu ya siku moja haiviamshi. Hofu ya kila siku inaviamsha, kimoja kimoja, na vikishaamka mwili unajengwa juu yake: moyo unaokwenda mbio, usingizi mwepesi, mkono unaopiga kabla ya kichwa kufikiri. Alisema mtoto hawezi kujua mkubwa anaogopa nini. Anajua tu kwamba mkubwa anaogopa, na mwili wake unajiandaa.

Mimi sikuhitaji maelezo marefu. Nimechinja miaka thelathini. Chukua ndama wawili wa tumbo moja. Mmoja umlete machinjioni taratibu, mwingine umkimbize na kumpigia kelele tangu alfajiri. Nyama ya yule wa pili itakuwa nyeusi, kavu, inanata kwenye kisu, na mteja mwenye macho hainunui. Ukoo ni mmoja. Nilijua hilo kila siku ya kazi yangu, kisha nikafunga bucha na kwenda kumfanyia mtoto hayo hayo.

"Kwa hiyo ni punje," nikasema.

"Kuna njia mbili." Bi. Atuganile alimtazama Minza, akarudi kwangu. "Sheria inasema mtoto mwenye baba hai haondolewi kwa baba yake. Wanaume waliipigania sana hiyo. Akiwa nyekundu anabaki nyumbani na anawekewa punje, basi. Lakini mtoto asiye na baba ni wa Ofisi. Wa kwetu tukikuta damu yake ni nzuri na tatizo ni nyumba, hatumwekei punje. Tunambadilishia nyumba. Kuna walezi huko Njombe, watu watulivu, tumewachagua. Miaka sita. Mingi ya mistari hii itashuka."

"Basi niondoke mimi," nikasema. "Nyumba abaki nayo mama yake. Mimi nalala hata machinjioni."

"Walikuwa wanaruhusu. Baba anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa kuomba chakula. Walilifuta."

"Na mimi je?" Holo akauliza. "Moyo wangu uko wapi kwenye hiyo picha yako? Sikuwahi kumwogopa mtoto huyu hata dakika moja."

"Wako uko tulivu, mama. Lakini sheria imeandika baba."

Holo alifyonza kwa nguvu mpaka watu wa chumba cha pili wakageuka.

"Tutakuwa tunakwenda kumwona huko Njombe," nikasema.

"Hapana. Miaka sita hamwonani. Moyo wako utauvuta wake." Aliweka mikono mezani. "Mzee Maduhu, kwa damu wewe si baba yake. Karani alikosea. Lakini kosa hilo halifutwi na mimi. Linafutwa na wewe, kwa mdomo wako, mbele ya sikio la ofisi, mtoto akiwepo anasikia. Daktari wa punje anaanza kazi saa saba."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu.

*

Tulikaa nje, nyuma ya jengo, kwenye ngazi za simenti zilizokuwa zimepata moto wa jua. Minza alikuwa anakwangua rangi ya chuma cha ngazi kwa ukucha.

"Ulikuwa unaniogopa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Ulipokuwa na miaka mitatu."

Alishusha kiganja chake mpaka usawa wa goti langu, akapima. "Nilikuwa hivi. Ningekufanya nini? Ningekuuma goti?"

Holo akacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nilidhani kuna mtu," Minza alisema.

"Mtu gani?"

"Sijui. Nilidhani kuna mtu anakuja kila siku saa kumi kutuua. Na wewe unahesabu kuona kama visu vinatosha."

Nikakumbuka lile jino. Mtu amemjia kwa nyuma na kumshika bega. Kwa miaka tisa mtoto wangu alikuwa anamsubiri muuaji aingie mlangoni, na siku mkono ulipofika begani alifanya alichojiandaa kufanya. Nami nikatembea nyuma yake hatua kumi.

"Mbona hukuuliza?" nikasema.

"Ungeniambia niingie ndani."

Ilikuwa saa sita kasoro.

"Punje siitaki," alisema. "Njombe pia sitaki."

"Lazima iwe moja."

"Basi chagua wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Nilimtazama Holo. Nilitaka aseme tubaki naye. Angelisema, ningelifanya, na ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nafsi yangu ilikuwa inamtaka nyumbani, hata akiwa na punje, hata akiwa amesimama tu. Nilijiambia kwamba labda punje yake itakuwa nyepesi, labda atakuwa tofauti na Kulwa. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi.

Holo alimvuta Minza, akamkalisha mapajani mwake, mtoto mrefu wa miaka kumi na miwili, miguu ikiburuta chini. Akaanza kumsuka upya mstari mmoja wa nywele uliofumuka. Alisuka polepole sana.

"Mimi nataka awe mzima wa kichwa," alisema akiwa hanitazami. "Hata kama simwoni. Maduhu, nenda kaseme."

"Njoo nawe."

"Siji. Sitaki kukusikia ukisema."

*

Chumba cha tamko kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Sikio lake lilikuwa kubwa kuliko letu la nyumbani, kama sinia, na juu yake kulikuwa na taa moja. Minza aliketi kando ya Bi. Atuganile. Mimi nilisimama.

"Hili halisikilizi nyumba," Bi. Atuganile alisema. "Linasikiliza kama unachosema unakiamini. Watu walikuwa wanakuja kukana watoto kwa hila. Una nafasi tatu. Sema jina lako, kisha useme wewe si baba wa Minza. Taa ikiwa ya kijani, imekubali."

Nikakohoa. "Mimi Maduhu, mwenye bucha wa Mwamigagani, si baba wa Minza."

Taa ikawaka nyekundu.

"Hukiamini," alisema Bi. Atuganile.

"Nitasema hivi, kwamba sikumzaa. Hiyo ni kweli tupu."

"Ni kweli, lakini siyo tamko. Lazima maneno yawepo. Si baba."

"Mama, nikuambie kitu. Kwetu hayo maneno hayawezekani. Mtoto wa ndugu yangu ni wangu. Nikisema mimi si baba yake ni sawa na kusema mimi siyo Maduhu. Hilo dude litaona uongo kwa sababu ni uongo."

"Hata kwetu Unyakyusa ni hivyo hivyo, mzee," alisema, na mara hiyo sauti yake haikuwa ya ofisi. "Waliolitengeneza hawakutuuliza."

Nilijaribu tena. Nilifumba macho, nikamfikiria Shilinde, uso wake, mikono yake. Nikajiambia huyo ndiye baba, huyo peke yake. Nikasema. Nilipofumbua macho taa ilikuwa nyekundu.

"Imebaki moja," Bi. Atuganile alisema.

Nje ya mlango magurudumu ya kitoroli yalipita. Vyombo vilikuwa vinagongana juu yake. Minza aliyasikia; niliona mikono yake ikishika kiti. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Nilijua nikikosea sasa hivi, kitoroli hicho ndicho kitakachomsubiri, na kesho atanyoosha mkono na mfuko mbwa akimtafuna.

Nikatafuta. Sikutafuta tena maneno, nilitafuta mahali ndani yangu ambapo jambo hilo lilikuwa la kweli. Nilikuwa na uhakika hapapo. Halafu nikapaona, na nilitishika kuliko nilivyowahi kutishika na kisu au na damu ya mtu, maana palikuwa pakubwa, na palikuwepo siku zote.

Nikamgeukia Minza badala ya lile sikio.

"Nilimwogopa mtoto huyu miaka tisa," nikasema. "Alipokuwa na homa nilimwogopa. Alipojifunza kusoma na akaja kunisomea, nilitazama mikono yake. Nilimlisha, nikamvisha, na kila siku nilingoja aniue. Baba hafanyi hivyo kwa mtoto wake. Mimi Maduhu si baba wa Minza."

Taa ikawa ya kijani.

Nilitaka ile taa ibadilike. Niliikodolea macho, nikiomba igeuke nyekundu, na haikugeuka.

"Imekubali," Bi. Atuganile alisema polepole. "Bado swali moja, ni la mtoto. Minza, utajibu ukweli, sikio linasikiliza. Akisema baba," akanieleza mimi, "tamko limekufa, tunarudi kwa daktari. Minza. Huyu mtu ni nani kwako?"

Minza alinitazama. Sijui kama alikuwa anataka kunilipa au kunisamehe, sikuweza kumsoma, sikuwahi kujifunza kumsoma. Nilikuwa namwogopa bado, lakini hofu hii ilikuwa nyingine. Niliogopa atasema neno lile. Niliogopa pia hatalisema.

Alifikiri. Niliona anageuza kitu kichwani, anakipima upande huu na huu, kama mtoto anayetafuta mahali pa kukanyaga kwenye matope.

"Ni mwenye bucha wa Mwamigagani," alisema.

Taa ilikaa bila rangi kwa muda mrefu. Kisha ikawa ya kijani.

Bi. Atuganile alishusha pumzi, akaandika. Nikaelewa alichofanya mtoto yule. Mimi nilikuwa nimepata ukweli mmoja tu uliofaa, na ulikuwa wa kumkana. Yeye aliupata wake, ukapita mbele ya lile dude bila kosa, na hakunikana.

Alisimama, akaweka sketi yake sawa. Alipopita karibu yangu nilinyoosha mkono nimguse begani, nikaurudisha. Mlango wa kuingilia kwa daktari ulikuwa kushoto. Walikwenda kulia.

Holo alikuwa bado nyuma ya jengo, kwenye zile ngazi, kitana mkononi.

"Imekubali?"

"Imekubali. Gari linaondoka saa nane."

Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayehesabu. Kisha akaniangalia.

"Walisema hicho kitu hakidanganyiki. Ulisemaje mpaka kikakubali?"

Pale nje hakukuwa na sikio wala taa.

"Nilisema karani alikosea," nikamwambia.